Dawa ya Kushika Mdomoni

Castory wa Ujiji alikuwa amewahi kuuza miwani isiyo na nguvu, sabuni ya kufukuzia majini na, kwa wiki mbili za bahati, masomo ya Kichina. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, hana biashara yoyote, ndipo Gervasi, mwenye mitumbwi miwili ya dagaa, alipoanza kulalamika kwamba mkewe amepoa kabisa. Akiguswa bega anageukia ukutani. Wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi lile hawakucheka. Walitazama vikombe vyao. Castory akavihesabu vile vichwa vilivyoinama kama mtu anayehesabu kuku wake.

Siku ya nne alirudi amevaa koti jeupe la kinyozi, na sanduku la chupa za dawa ya kikohozi zilizooshwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na mawese, tangawizi na mdalasini. Dawa aliiita Amsha Mama. Kwa huzuni ya kitaalamu alieleza kwamba mshipa wa hamu wa mwanamke hupita kwenye kisigino, kwamba hewa ya ziwa huupoza, na kwamba mambo hayo alifundishwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na profesa ambaye kwa sasa ni marehemu, hivyo hapatikani kwa simu. Mume atie vijiko viwili kwenye mboga, mke asijue. Chupa zilikwisha kabla ya adhuhuri.

Mawese kwenye mboga hayamshtui mtu wa Kigoma. Mdalasini ndio uliomshtua Marcelina, mke wa Gervasi. Alionja mchicha, akaweka kijiko chini, akamtazama mumewe mpaka mume mwenyewe akasema yote.

Kesho yake Castory alifika akakuta wanawake watano, waanikaji wa dagaa, wameketi mahali pake pa kuuzia. Alitafuta upenyo wa kukimbilia. Marcelina alikuwa amesimama kwenye upenyo.

"Dokta," Marcelina alisema taratibu, "katika utafiti wako, uliwahi kumuuliza mwanamke hata mmoja?"

Castory alijibu kwamba profesa aliuliza kwa niaba yake. Wakamkalisha, wakampa kalamu. Mmoja alisema tangu aanze vidonge vya presha hamu imekwenda haijarudi. Mwingine alisema mumewe humtukana mchana kutwa, halafu jioni anashangaa kuona hachangamki. Wa tatu alilia kidogo, akasema asiandikwe. Castory aliandika mpaka mkono ukauma. Alipomaliza, Marcelina akampa njia mbili: polisi, au aendelee kuuza dawa yake kwa masharti watakayomwandikia wao. Castory akaichagua sayansi.

Masharti yalikuwa haya. Dawa haiendi tena kwenye mboga. Mume anajaza kijiko kimoja cha dawa, anaishika mdomoni dakika kumi, hatemi wala hamezi, huku mkewe akimweleza yanayomsumbua. Akimeza, anaanza upya. Baada ya hapo anamsindikiza zahanati kwa nesi Stephania, la sivyo chupa ya pili haitafanya kazi. Castory aliwaeleza wanaume kwamba kuna mshipa mwembamba unaotoka ulimi wa mume hadi kisigino cha mke. Walimwamini papo hapo.

Jioni hiyo wanaume wazima wa Kibirizi walikaa majumbani mwao mashavu yamevimba. Kwa dakika kumi Gervasi aliambiwa kwamba mkewe huamka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa, kwamba yeye kitandani ana haraka kama anayewahi boti, na kwamba tangu hedhi ikome, tendo lenyewe linamkwaruza na kumuumiza. Gervasi alitaka kuuliza mbona hakusema siku zote hizo, lakini mdomo ulikuwa kazini. Kule zahanati nesi alimwambia Marcelina kwamba ukavu huo huwapata wengi wa umri wake, na una dawa ya kupaka. Gervasi aliambiwa kwamba haraka yake si ugonjwa wa mkewe. Baada ya mwezi mmoja alionekana akiteka maji huku anapiga mluzi.

Sifa zikafika Mwandiga. Wateja wakaja kwa bajaji. Castory akapandisha bei, akaanza na yeye kuuamini ule mshipa. Alikuwa karibu kuagiza koti la pili wakati wanawake walipopitisha habari kwamba mawese yoyote yanatosha, hata ya jikoni kwako. Jumamosi iliyofuata hakuuza chupa hata moja. Alimfuata Marcelina kulalamika kwamba ameibiwa uvumbuzi wake. Marcelina, akigeuza dagaa, alimshauri aende polisi akaripoti.

Akarudi nyumbani Ujiji amefura, akamsimulia mkewe Winfrida hadithi nzima, na jinsi watu wasivyo na shukrani. Winfrida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa ya mawese na kijiko.

"Fungua mdomo," alisema.

Castory alidhani ni mzaha, akafungua. Winfrida akaketi mbele yake, akaanza. Tangu ajifungue mtoto wa mwisho, pale aliposhonwa panauma kama panakatwa. Miaka miwili amekuwa akijifanya amelala. Aliogopa kusema, maana mumewe angelipata jibu la kuchekesha, na yeye asingeweza kulivumilia jibu la kuchekesha.

Dakika ya nane Castory alimeza. Hakukusudia. Alitaka kusema samahani.

"Umemeza," Winfrida alisema, akajaza kijiko kingine. "Na ndio kwanza nilikuwa naanza."

Castory akafungua mdomo mwenyewe.

Jumatatu walikuwa kwa nesi Stephania. Alimpima Winfrida, akasema ni kovu halikupona vizuri, linatibika, atamwandikia barua ya kumwona daktari. Itachukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo hakuna kulazimishana. Kisha akamgeukia mume, akamuuliza kama ana la kusema.

Castory akamtazama Winfrida, akasema asikilizwe mkewe kwanza.