Kuku Sugu

Jumatatu, 4 Machi
Kuku wa shemeji wamenenepa kuliko wangu. Haiwezekani! Mke wangu anadai siri ya kaka yake ni kusafisha banda. Nimecheka. Tangu mwaka jana natia viuavijasumu kwenye maji ya kuku. Hawaumwi. Mimi naviita lishe. Leo nimeongeza kiganja kizima.

Jumatano, 6 Machi
Kuku wanakunywa kwa furaha. Maji yaliyobaki nimeyamwaga mtaroni, yakateremka hadi bustani ya mama mkwe. Kinyesi nacho nimempelekea kwa toroli. Mbolea ya bure! Kaniuliza kama naumwa. Wakati wa kuondoka nimekanyaga reki yake, mguu ukatoboka. Mwanamume halii. Nimelia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji, kwa fitina, kaniletea daktari wa mifugo. Kanusa banda, kachungulia mtaro. Kasema dawa ikitumiwa ovyo, vijidudu vinavyonusurika huwa sugu, hutoka na kinyesi, huingia kwenye udongo na maji, na siku dawa hizo zikigoma kwa binadamu tusilaumiane. Maneno mengi. Nimechukua moja tu: sugu! Kuna mteja asiyetaka kitu sugu? Nimeandika bango: KUKU SUGU. MBOLEA SUGU. Shemeji kalisoma, kisha kaketi juu ya ndoo, kajishika kichwa. Wivu.

Jumanne, 12 Machi
Mguu umevimba kama boga. Nimemeza vidonge vya kuku. Wapi! Mke wangu kasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemkumbusha kwamba kinachouma ni mguu.

Alhamisi, 14 Machi
Hospitali. Daktari kapima usaha. Kasema vijidudu vyangu ni sugu. Dawa ya kwanza haiviwezi, ya pili haiviwezi. Imebaki moja, nayo ikishindwa mguu unakatwa chini ya goti. Nimemuuliza kama sugu hii ndiyo ile ya bangoni. Muuguzi katoka nje kucheka. Mke wangu hakucheka. Kanishika mkono mpaka sindano ikaisha.

Jumapili, 24 Machi
Mguu umepona! Nimeruhusiwa na vidonge vya kumalizia dozi. Daktari kaniapisha nivimeze vyote, hata nikijisikia mzima. Mzima anameza dawa ya nini? Nyumbani nimekuta shemeji kasafisha banda, kalipaka chokaa, na bango langu kalifanya kuni. Na kuku wake bado wananizidi!

Jumatatu, 25 Machi
Mama mkwe kaja akichechemea. Kajitoboa mguu kwa reki ile ile, umeanza kuvimba. Kauliza, mwanangu, ile dawa iliyokuponya imebaki walau kidogo? Nimemwambia pole mama, imekwisha. Sikusema uongo. Kuku wameinywa yote asubuhi, kwa furaha. Bango jipya linakauka rangi: SUGU ZAIDI.