Springi Iliyonitupa kwa Bavyaa

Kehancha,
14 Mei 1997

Kwa Fundi Mkuu Jared Onyancha,
Gereji iliyo nyuma ya soko,
Migori.

Mpendwa Fundi,

KUH: KUNYOOSHWA KWA GARI LETU BILA HURUMA

Natumaini u mzima, na nyundo yako pia ni nzima, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Mimi naitwa Mellen Bonareri, mke wa Ryoba. Tulifunga ndoa kanisani Homa Bay baada ya Pasaka, na mpaka leo nikiandika neno "mke" lazima niweke kalamu chini nitabasamu kwanza. Ryoba ni yule kijana mrefu, mpole, aliyekuletea pikapu kuukuu ya kijani, ile foo-wili ya baba yake, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kama hukumtazama vizuri, hiyo ni hasara yako.

Usidhani mimi ni mtu wa ugomvi. Nilisoma hadi kidato cha nne, na huko tulifundishwa kwamba malalamiko ya mtu mstaarabu hupangwa kwa nambari. Nayapanga.

1. Ulitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Ni kweli springi ya nyuma upande wa dereva ilikuwa imevunjika, na gari lilikaa limeinamia kulia kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Ni kweli usukani ulivuta kulia, tairi za mbele zikaliwa upande mmoja, na malori ya tumbaku yaliyotoka mbele yetu yakawa yanakimbilia mtaroni huku yakipiga honi. Lakini hayo yalikuwa matatizo ya malori. Sisi ndani tulikuwa na amani.

Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu, na tunakaa watatu: Ryoba kwenye usukani, mimi katikati, na bavyaa wangu, yaani baba yake Ryoba, mlangoni. Siku niliyochukuliwa Homa Bay kuletwa huku kama bibi harusi, ule mwinamo uliniteremsha polepole hadi begani mwa mume wangu, nami nikabaki hapo. Sikujipeleka, Fundi. Nilipelekwa na springi, na hakuna mzee anayeweza kugombana na springi. Kila Ryoba alipobadilisha gia, goti langu lilikuwa njiani, na kila mara aliniomba radhi kwa sauti ya chini. Kati ya Rongo na Migori kuna milima mingi. Aliniomba radhi sana.

2. Namna ulivyofanya kazi yenyewe. Ryoba alikuomba uangalie usukani, basi. Wewe ukasema utabadilisha springi na bushi, halafu ufanye alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu yote. Mume wangu, ambaye hawezi kusema uongo hata akilipwa, ananiambia alainimenti hiyo ilikuwa kamba ya katani kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, wewe ukafumba jicho moja, ukagonga, ukafumba la pili, ukagonga tena. Kisha ukaenda "kulijaribu barabarani", na gari likarudi kesho yake na manyoya ya kuku kitini na harufu ya dagaa wa omena hadi kwenye dashibodi. Tumesikia ulilijaribia Muhuru Bay, siku ya mnada. Mimi si fundi, lakini sijawahi kusoma popote kwamba springi hupimwa kwa magunia ya omena ya shemeji ya fundi. Ulipomaliza ukapiga boneti kofi na kumwambia mume wangu: "Sasa imekaa kama altare, bwana. Hata padre anaweza kuisomea misa."

3. Sasa nafika kwenye uchungu wenyewe. Wewe ni Mkisii kama wazazi wangu, na unajua kwamba kwetu, kama hapa kwa Wakuria, mke wa mtu na bavyaa wake hawagusani. Simpi mkono. Simwiti kwa jina, ndiyo maana hulioni katika barua hii. Akija njiani, mimi napisha. Hii ni heshima, na mimi naipenda, kwa sababu ndiyo iliyomlea Ryoba akawa Ryoba.

Safari ya kwanza baada ya kazi yako tulikuwa tunarudi kutoka Migori. Tangu tulipoondoka nilihisi kiti kinanisukuma kushoto. Nilijishikilia kwenye dashibodi. Nilikaza miguu sakafuni kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na wezi. Tulipofika kona ya Mabera kulikuwa na shimo, lile ambalo baraza la mji hulijaza kila anapopita mgeni mkubwa na kulifukua, nadhani, akishapita. Gari likainama kushoto. Mimi, Mellen, mke wa mtu, nikamtua bavyaa wangu kwa bega zima, na kofia yake ikatoka dirishani.

Mavyaa, mama yake Ryoba, alikuwa nyuma na magunia akiimba nyimbo za kanisa. Alituona kupitia kioo, na wimbo ukaishia pale pale. Ryoba alisimamisha gari. Bavyaa alishuka, akaokota kofia yake, akaipangusa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. Na kwa kuwa yeye huwa hasemi nami moja kwa moja, alimgeukia ng'ombe mmoja aliyekuwa akila nyasi kando ya barabara, akamwambia mwanawe: "Mwambie fundi wako gari hili limekosa adabu." Kisha akaenda nyumbani kwa miguu.

4. Matokeo. Wazee wamekaa. Mbuzi wa kutakasa jambo hilo ametajwa. Mmoja ameuliza kama huko Homa Bay wasichana hufundishwa kukaa. Na mavyaa, ambaye nampenda kama ninavyopaswa, ametoa hukumu: "Mkwe ni mtu wa nyuma. Huko nyuma hakuna baba ya mtu, kuna magunia tu."

Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Homa Bay kuwaamkia wazazi wangu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Kama gari halitakuwa limerekebishwa, nitapanda nyuma pamoja na mbuzi tunaowapelekea. Fikiria, Fundi. Mama yangu amesimama langoni na majirani, vigelegele viko mdomoni, halafu bibi harusi wao anashuka kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi, mbuzi wakimtangulia. Hakuna atakayeuliza habari za springi. Wataulizana nimefanya nini hata mume wangu akanifukuza kiti cha mbele.

Nilipomlilia Ryoba, alinishika mkono akasema yuko tayari kukaa nyuma pamoja nami. Bado hajasema ni nani ataendesha. Lakini alilisema vizuri sana.

5. Mwisho nauliza kama mwananchi. Ni nani aliyekutuma kunyoosha? Katika nchi hii viko vingi vilivyopinda, vingine vina bendera mbele, na sijasikia hata kimoja kimepelekwa gereji. Kwa nini mkono wako ulianza na kitu pekee kilichopinda kwa faida ya mtu?

Kwa hayo, naomba uing'oe hiyo springi mpya ya upande wa dereva na uturudishie ile ya zamani. Kama umeshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma, vunja nyingine, kiasi cha mke mmoja kuteleza bila kuumia. Usukani nao uuache uvute kulia kidogo, ili malori yasitusahau.

Wasalimie mafundi wote, mama anayewapikia chai, na yule shemeji wa omena. Bavyaa hakusalimu, lakini naamini angependa kujua kwamba umesoma.

Wako katika masikitiko na ndoa,
Mellen Bonareri

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, jana bavyaa alikwenda kwenye baraza la chifu, na mimi na Ryoba tukatoka na gari peke yetu. Fundi, limenyooka. Tuliposimama kumchukua niliweka chungwa kitini, likatulia kama limegundishwa. Kisha bavyaa akaweka mguu mmoja ndani, na chungwa likaanza safari kumwelekea. Ryoba alinitazama, nami nikamtazama. Hatukusema neno na hatutasema, kwa sababu uzito wa bavyaa si jambo la mkwe kutaja, wala la mwanawe. Kwa hiyo springi zako ni nzima, macho yako ni mazima, na ile habari ya altare ni kweli tupu. Lakini nakusihi, kosa libaki lako. Njoo kabla ya Jumamosi hiyo, ongeza bapa za springi upande wa mlango wake, na umwambie mzee kwa sauti kwamba kamba yako ilikudanganya. Ongeza zinazotosha gari kukaa sawa akiwa ndani. Halafu, kama moyo wako una nafasi, ongeza moja zaidi.