Nusu Upawa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza jikoni. Nimejitolea. Narudia ili mwenyewe niamini: nimejitolea, kwa hiari yangu, baada ya Shangazi kuniambia kwamba nisipopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo likizo hii, nitasafisha banda lake la kuku kila asubuhi mpaka chuo kifunguliwe. Kuku mia mbili! Ofisi ninayoitaka inadai barua ya mtu anayeijua tabia yangu. Mhadhiri wangu anaijua. Ndiyo maana sikumwomba.

Jiko lenyewe ni ukumbi nyuma ya gereji. Sufuria mbili, kila moja mtu mzima anaweza kuoga ndani. Wali na maharage, kuanzia saa sita mchana, kwa yeyote mwenye njaa. Msimamizi ni Nesi, mstaafu, mfupi, sauti yake bado inaamsha wodi nzima. Ana sheria moja: mwenye njaa hahojiwi. Mtu akila akarudi kwenye foleni, apewe tena, asiulizwe kitu.

Halafu akasema jambo lililonizindua. Ataandika barua moja tu ya sifa, kwa mwanafunzi atakayewahudumia watu vizuri kuliko wote katika wiki hizi mbili. Ukutani kuna ubao. Kila sahani, mstari mmoja wa chaki. Mimi nasomea takwimu. Sihitaji kuelezwa mara mbili.

Tuko wawili kwenye upawa. Mimi nina Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mwenzangu ana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Yeye anasomea udaktari na aproni yake imepigwa pasi mpaka kamba. Nimempa jina: Mpiga Pasi.

Leo sahani 181. Mkono siusikii.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kuchungulia. Mpiga Pasi: 184! Anamsalimia kila mtu, anauliza goti la huyu na kikohozi cha yule. Wa kwanza kwenye foleni ni bibi mmoja anayekuja na bakuli lake mwenyewe la bati, la kijani, rangi imebanduka. Anamwita Mpiga Pasi mjukuu wangu. Mimi jana aliniita wewe wa upawa.

Wenye njaa zaidi nitawatoa wapi? Nimewaalika wenzangu wa bwenini. Wakauliza kama kuna nyama. Hakuna. Wakasema watafikiria.

Jioni akili ikafunguka. Haba na haba hujaza kibaba! Nitoe nusu upawa. Mtu hashibi, anarudi, napata mstari wa pili. Chakula ni kilekile, mtu ni yuleyule, mistari miwili. Hakuna anayedhulumiwa. Nimefanya mazoezi bafuni kwa ndoo na kata: chota ujae, onyesha, pinda kiwiko, nusu irudi ndani. Shangazi akagonga mlango kuuliza kama naoga au nachimba kisima.

Jumatano, 5 Machi

340!!! Foleni ilizunguka gereji nzima, fundi akashindwa kutoa gari. Tulimaliza saa tisa na robo badala ya saa saba na nusu. Nesi alisema mbele ya wote kwamba hajawahi kuona siku nzito hivi, na kwamba nimesimama imara. Mgema akisifiwa... sina haja ya kuimalizia methali hiyo.

Bibi wa bakuli alipita mara tatu. Mara ya tatu alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akalitazama tena bakuli. Akaenda kula. Mtu wa busara.

Ijumaa, 7 Machi

352. Mpiga Pasi jana 179. Maskini! Anajaza upawa mpaka unamwagika, watu wanashiba, wanaenda zao. Anajimaliza mwenyewe.

Lakini leo amekuja siku isiyo yake. Amesikia foleni zangu ni ndefu, basi kabeba viti kutoka ukumbini, kimoja kimoja, kuwapangia wazee nje wakae wakisubiri. Viti ishirini. Hakuna aliyemtuma. Kisha akaniuliza kama nimechoka na akaniletea maji. Nilikuwa na kiu, nikayanywa. Kwa hasira.

Nimeanza kumwandalia Nesi rasimu ya barua, nisimchoshe.

Jumatatu, 10 Machi

361. Fundi wa gereji hanisalimii tena. Nesi amempelekea mfadhili habari za ubao. Huyu ndiye mwenye kinu cha nafaka, anayetoa mchele na maharage yetu yote. Kesho anakuja. Jina langu sasa linafika kwa wakubwa. Nimeongeza aya moja kwenye rasimu.

Jumanne, 11 Machi

Nimejipalia makaa.

Mfadhili alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mtu wa takwimu, sikuwahi kujiuliza: kwa nini njaa ya mtaa huu inapanda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, halafu siku zinazofuata inashuka? Mimi nilikuwa nakagua kamba za viatu vyangu.

Akajijibu mwenyewe. Siku hizo watu wanaletwa kwa malori kutoka mbali, kuna mjanja anafaidi. Kuanzia wiki ijayo atatoa chakula cha siku tatu tu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nesi alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Mfadhili akasema yeye anaamini namba, na namba hazidanganyi. Namba zangu! Hakuna aliyewahi kuziamini hivyo, hata mhadhiri.

Alipoondoka, Nesi aliketi juu ya gunia la mchele, akavua miwani. Akasema hajui atawaambia nini watu. Kwenye foleni wapo ambao mlo wa hapa ndio mlo wao wa pekee kwa siku. Bibi wa bakuli ni mmoja wao.

Nimejisikia vibaya. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: vibaya sana. Shangazi kanikaangia mayai, yamenishinda.

Nikiri? Nimelipima wazo hilo. Zito. Kuna njia nyepesi. Nesi amemwomba mfadhili aje tena kesho ajionee kwa macho yake. Basi kesho natoa upawa mzima. Foleni itakuwa ya kawaida, namba itashuka, ataona hakuna lori wala nini, atarudisha siku zake. Watu watakula. Na mistari yangu ya nyuma itabaki palepale ubaoni. Wakati mwingine najishangaa.

Jumatano, 12 Machi

Saa sita kamili. Mfadhili kando ya mlango, Nesi kando yake. Bibi wa bakuli wa kwanza. Nikachota upawa mzima, nikaongeza na kidogo juu.

Bibi alilitazama bakuli kama nimemwekea chura. Kisha akauliza, kwa sauti, bila nia mbaya hata chembe, kama leo kuna mgeni. Nikamkonyeza. Akaniambia kama kuna kitu kimeingia jichoni nisisugue. Halafu akageuka akawatangazia wa nyuma: leo ni upawa mzima, jamani, hakuna kuzunguka! Wakashangilia. Watu wazima, wanashangilia maharage!

Mfadhili akasogea. Akamwamkia bibi kwa adabu, akamwuliza kuzunguka ni nini. Bibi akamweleza yote. Siku za yule mjukuu wake wa aproni safi anapita mara moja anashiba. Siku zangu anapita mara tatu, na goti hili. Akamwonyesha goti.

Nesi aliuchukua upawa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Mfadhili aliutazama ubao, akanitazama, akauliza nasomea nini. Nikasema takwimu, mwaka wa pili. Alitikisa kichwa kwa muda ambao ungetosha kuhudumia watu kumi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliyeniokoa ni bibi. Aliomba nisifukuzwe. Alisema siku zote tatu chakula alikipata, ila kilimjia kwa miguu. Nipewe kazi isiyo na kipimo, alisema, nitakuwa mtu tu. Mtu niliyemsimamisha juani kwa goti bovu! Nikalia kidogo. Karibu na meza kulikuwa na vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Mfadhili amezirudisha siku zote sita. Afadhali. Naandika tena: afadhali.

Jumamosi, 15 Machi

Barua ameipata Mpiga Pasi. Nesi aliisoma mbele yetu. Hakuna neno hata moja kuhusu sahani wala ubao. Imezungumzia viti! Aya nzima ya viti! Kumbe shindano lilikuwa la viti na hakuna aliyenitonya. Ningebeba arobaini.

Nyumbani, Shangazi alinisubiri mlangoni. Alinikabidhi ufagio wa banda. Nimeula wa chuya.

Jumatatu, 17 Machi

Banda alfajiri, jikoni saa tatu. Nimewekwa kwenye vitunguu. Nimeapa mbele ya Nesi kwamba ujanja basi, nimekoma, na niliapa kwa moyo wangu wote. Yeye si mtu wa kinyongo. Ameniambia mwisho wa mwezi ataniandikia na mimi barua, atataja kile tu atakachokiona. Kwa sasa anataka jambo dogo: kila siku nimwandikie nimemenya vitunguu vingapi, ajue aagize magunia mangapi. Amenipa kipande cha ubao na chaki. Kitunguu kimoja, mstari mmoja.

Hadi saa tano: 94. Macho mekundu, nafsi safi. Nilikuwa karibu kujipongeza akatokea Mpiga Pasi, siku isiyo yake, na miwani ya maabara. Alikaa nusu saa tu, eti kunisaidia. Amemenya 96! Bila chozi! Akaondoka akiniachia hiyo miwani, zawadi. Inanibana.

Nimekaa hapa nakitazama kitunguu cha mwisho. Ni kitu cha ajabu, kitunguu. Ukikikata katikati kabla ya kukimenya, nani ataapa kwamba si viwili? Kitunguu ni kilekile, machozi ni yaleyale. Hakuna anayedhulumiwa.

Kesho nije na kisu kikali.