Rufaa ya Mguu wa Mhugu

Munyao Nzuki,
Ziwani, Nairobi.

Kwa Mkurugenzi,
Afisi ya Malipo ya Ulemavu, Kanda ya Eastlands.

Mheshimiwa Bwana Nyongesa,

KUH: MIGUU YANGU MIWILI, ILIYO KWENYE FAILI YENU NA ISIYO KWANGU

Pokea salamu nyingi kutoka kitandani, mahali ambapo siku hizi napatikana bila miadi. Natumai u mzima, na kwamba lifti ya afisi yenu inaendelea na mapumziko yake. Mimi ni mchongaji wa vinyago, mzee wa kanisa, na kwa mujibu wa kumbukumbu zenu, mtu mwenye miguu miwili mizima. Nakuandikia kuhusu hilo la mwisho.

Kwa ufupi, ili usisumbuke kusoma mpaka chini: mguu wa kushoto uliondolewa kwa sababu ya kisukari, nikaomba malipo na kiti cha magurudumu, mkaninyima. Nikakata rufaa. Rufaa ikiwa bado imelala kwenu, mguu wa kulia nao ukaondolewa. Nikaja kuleta ombi jipya, mkanikatalia kwa sababu nina rufaa. Sasa mke wangu Koki ananibeba mgongoni. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kwamba mguu wangu wa mti ulisifiwa kupita kiasi.

Nilipopoteza ule wa kushoto sikutaka kumsumbua mtu. Nilichukua gogo la mhugu nililokuwa nimemwekea mteja wa twiga, nikajichongea mguu. Sipendi kujisifu, lakini niliupa muundi, niliupa vifundo, niliupa hata ule mshipa unaopanda nyuma ya kisigino, kisha nikausugua kwa msasa na kuupaka rangi ya viatu hadi ukafanana na nduguye. Siku ya kupimwa nilivaa suti yangu ya kanisani, maana sisi tulilelewa kwamba mtu haendi afisi ya serikali kama anayekwenda kuchota maji.

Daktari Lusweti, ambaye foleni yake ilikuwa imefika kwenye ngazi, alipandisha suruali yangu kidogo, akaugonga mguu kwa kalamu na kuniuliza kama unauma. Nikasema ukweli: hauumi hata kidogo. Akasema, "Huu ni mguu mzuri sana, mzee." Bwana Mkurugenzi, mchongaji akisifiwa kazi yake husema nini? Nilisema asante. Nilidhani anasifu uchongaji. Nikamwambia hata mwingine wa namna hiyo naweza kuutengeneza. Naye akaandika: "Mguu wa kushoto imara, ngozi laini, hana maumivu." Fomu yangu ilisema mguu huo ulikatwa, lakini hilo halikumshtua, nadhani alikadiria kwamba umeota tena. Wahenga walisema chema chajiuza. Huu wangu ulijiuza, ukaniuza na mimi.

2. Kwamba rufaa yenu hutazama nyuma tu.

Barua yenu yasema jopo litachunguza hali yangu kama ilivyokuwa siku ya uamuzi, si kama ilivyo leo. Siku ya uamuzi mguu wa kulia ulikuwapo. Nilikuja nao kwenu, nao ndio uliopanda ngazi zenu zote kwa niaba ya wote wawili. Kwa hiyo mbele ya jopo bado ninao, na utaendelea kuwapo mpaka mtakapompata mwenyekiti wa jopo, ambaye nasikia bado anatafutwa. Naomba mguu huo wa kisheria uruhusiwe kuja nyumbani walau Jumapili, tuende nao ibadani.

3. Kwamba siruhusiwi kuwa mgonjwa zaidi ya nilivyokuwa.

Binti yetu Shirleen wa pale dirishani ni mtoto mwenye adabu, na sina neno naye. Alitazama kompyuta, akamtazama Koki aliyekuwa amenibeba, akatazama kompyuta tena, akaiamini kompyuta. "Pole baba, system haikubali," akasema. "Uko na rufaa inaendelea, huwezi leta claim ingine juu yake." Kuuliza si ujinga, kwa hiyo niliuliza kama naweza kuiondoa rufaa. Akanijibu kwa upole kwamba ukitoa rufaa ni kama umekubali ile decision ya kwanza.

Maana yake ni kwamba nitie sahihi kuwa mguu wa kushoto upo, ni imara na una ngozi laini. Kisha ombi jipya linipime kama mtu aliyepoteza mmoja tu, na kanuni zenu zasema wa mmoja bado hajafikia kiwango. Nikibaki na rufaa, nina mguu wa kulia. Nikiiondoa, nina wa kushoto. Kokote niendako katika afisi yako kuna mguu unaoningoja. Ni kwenye suruali tu ndiko hakuna.

4. Kwamba mke wangu ameandikwa kuwa "msaidizi wa kutosha nyumbani".

Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa mguu hauumi. Koki ni mfupi kuliko mimi na si msichana tena. Asubuhi ananibeba kwenda choo cha pamoja, kupita mlango wa Batulo muuza maziwa, ananingoja nje, ananirudisha. Wanaume wenzangu wakituona hugeuka wakajifanya wanatafuta kitu mfukoni. Mimi huinamisha uso kwenye kitambaa chake cha kichwa ili nisiwaone. Naona haya, Bwana Mkurugenzi, nakwambia wazi. Nasikia anavyohema, na nikimwambia apumzike husema kwamba siku hizi mimi ni mwepesi. Na kweli nimepungua, kwa juhudi za hospitali.

Sasa, kwa kuwa mmemhesabu miongoni mwa vitu nilivyo navyo, naomba asajiliwe rasmi kama kifaa saidizi. Apewe nambari, akaguliwe kila mwaka, na fundi wenu amtie mafuta kwenye magoti. Viti vya magurudumu vya wenzangu vina dhamana ya kiwanda. Mimi wangu nilipewa kanisani, na mchungaji hakutaja vipuri.

5. Kwamba sijui nichonge nini.

Nina gogo jingine, na wenzangu wa karakanani wananishauri nichonge mguu mbaya: kidole gumba kikubwa kuliko kisigino, matundu ya mchwa, mguu ambao hata daktari mwenye foleni hawezi kuusifu. Nimejaribu. Mkono umekataa. Nikiiacha patasi kidogo, inajiendea yenyewe kuutafuta mshipa. Mzee Kimanzi, aliyenifunza kazi hii, alikuwa akitupa motoni kinyago chenye sikio moja refu kuliko jingine, na mimi leo nichonge ubaya kwa makusudi ili serikali inione? Basi nitumieni mwongozo wa kiwango cha ubaya kinachokubalika, wenye picha, na kama mna mguu wa mfano stoo, niazimeni.

Mkiona hayo ni mazito, naomba tu mnirudishie miguu yangu. Wa kushoto mnao kwenye ripoti ya daktari, wa kulia mmeliwekea jopo. Ni viungo vyangu na mnavitumia bila ruhusa. Nikivipata nitashuka mgongoni mwa mke wangu siku hiyo hiyo, nitakuja kwenu mbio kutoa shukrani, na wala sitahitaji lifti.

Lakini rufaa sitaiondoa. Hilo naliandika nikikaza kalamu. Nimefanya kazi kwa mikono yangu tangu ujana bila kumdanganya mteja hata kuhusu aina ya mti, na sitatia sahihi uongo juu ya mwili wangu mwenyewe. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na mimi nimeamua kungoja jopo lenu hata kama mwenyekiti wake bado yuko shule ya msingi. Kiti mkininyima, nitakaa chini. Jina langu haliwezi kukaa chini ya maneno yale.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie Daktari Lusweti, umwambie mguu bado haujauma. Msalimie Shirleen, na kompyuta yake pia, kwa kuwa ndiyo yenye neno la mwisho. Msalimie askari wa lango aliyeniambia nishuke mgongoni kwa mama ili nikaguliwe. Wanajopo nao wasalimie, watakapopatikana. Mama wa nyumbani kwako na watoto, wote nawaombea miguu mizima.

Ni mimi, niliyeketi kwa utiifu,

Munyao Nzuki

Tanbihi: Bwana Nyongesa, yaache hayo yote niliyoandika. Leo asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, Koki alianguka kwenye kizingiti cha choo akiwa amenibeba, nami nikamwangukia. Batulo na wanawe ndio waliotuokota na kumpeleka kliniki. Wamesema ameumia uti wa mgongo, asiinue kitu tena, na kama atatembea, hawajui. Sasa amelala kando yangu na anaomba radhi, ati aliniangusha.

Yeye hana rufaa popote, kwa hiyo ombi lake ni jipya kabisa. Lakini Shirleen amenieleza kwa simu, na nilisikia sauti ikimtetemeka, kwamba nyumba moja haiwezi kuwa na faili mbili. Basi naondoa rufaa yangu leo. Andikeni kwamba miguu yangu yote miwili ni mizima, nami nimetia sahihi hapa chini. Mkitaka andikeni kwamba nakimbia. Nafasi iwe ya Koki, na kiti kiwe cha Koki.

Barua hii anaileta Batulo. Nimemwomba akitoka asifunge mlango. Atakayetumwa kumpima Koki asibishe hodi akangoja. Asukume tu aingie, kwa sababu humu ndani hakuna wa kumfungulia.

M. Nzuki