Bolti Mbili za Pikapu ya Sylvanus

Nyamazeni, enyi mpitao barabara ya Mumias na haraka zenu! Egesheni baiskeli, teremsheni magunia, na wewe mwenye redio ya betri, ipunguze sauti. Naja kusimulia vita ambavyo havikuandikwa katika gazeti lolote, kwa kuwa waandishi siku hiyo walikwenda kusikiliza hotuba za wakubwa, na historia ikawapita umbali wa hatua mia mbili, chini ya pikapu. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Agosti, mwaka wa 1996, na matope ya mvua ya jana yalikuwa bado yamelala Kakamega nzima.

Namsifu Bramwel mwana wa Lusweti, Mshika Spana, Mlala Chali Juu ya Katoni, ambaye wiki tatu kabla ya siku hiyo alitoka katika gereji ya fundi Protus, aliyemfunza kazi, akavuka barabara, akasimika nguzo nne na mabati sita, akaandika kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA KUSHINDWA. Barabara ilikuwa nyembamba, na Protus alijua kusoma.

Alfajiri ya siku hiyo alisukumiwa pikapu ya Sylvanus, jemadari wa ngoma za isukuti, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kulijaza. Klachi ilikuwa imeungua. Ukikanyaga, injini ilinguruma kama imetukanwa, lakini magurudumu hayakuwa na habari.

“Mwanangu,” Sylvanus alinena, wapigaji wake kumi na mmoja wakiwa wamemzunguka, “jua lisizame kabla ngoma hizi hazijafika Malinya. Mama Awinja ananingoja.”

Aliye mgeni na asikilize. Fahali wa kupigana hatoki bomani kimyakimya kama ng'ombe aendaye mtoni. Huamshwa kwa isukuti, huimbiwa jina lake na ushujaa wa baba yake, ndipo hutoka akipuliza mavumbi. Tingatinga, fahali wa Awinja, mjane wa Malinya, alikuwa hivyo na zaidi: asiposikia ngoma za Sylvanus, husimama akitafuna, na hata umchape hatoki. Pigano lake lilikuwa kesho asubuhi. Asipofika, atahesabiwa kuwa amekimbia, na Awinja, aliyemlisha miaka minne kwa mkono wake, atapita sokoni akichekwa na watu wasiokuwa hata na mbuzi. Na gari jingine la kubeba ngoma na wanaume kumi na wawili halikupatikana, maana kila Ijumaa pikapu za mji ule huwa zimekodiwa kupeleka marehemu nyumbani.

“Baba,” akajibu Bramwel, mkono kifuani, “hata kama giaboksi hii imefungwa na mashetani, saa tisa utaiwasha!”

Akaingia chini afungue bolti sita zilizoshika giaboksi, maana klachi imejificha nyuma yake. Bolti ya kwanza ikalegea, ya pili ikasalimu amri, ya tatu na ya nne zikatoka zikilia. Lakini ya tano ilikuwa imekaa katika kutu tangu enzi ambazo mwenye pikapu alikuwa na nywele. Bramwel alipachika spana, haikujibu. Akaongeza bomba refu kwenye spana, akaweka miguu kwenye chasisi, akavuta kama mtu anayeng'oa mti wa msitu wa Buyangu pamoja na nyani wake.

Ta!

Kichwa cha bolti kikaanguka juu ya paji lake la uso. Mwili ulibaki ndani ya injini.

“Nini imelia?” aliuliza Sylvanus.

“Adui amepoteza kichwa,” shujaa alisema kutoka chini.

“Na hiyo ingine imebaki wapi?”

Shujaa akaomba apewe spana nyingine.

Ndipo wapigaji, kwa nia njema kabisa, walipofanya kosa ambalo lingeweza kufanyika huku kwetu tu. Walipomwona mwenzao amelala chali akipambana, walimhesabu kuwa fahali. Wakavaa ngoma zao kwapani, wakaipiga isukuti ya vita, ile ya pembe kukutana na pembe, na Zilpah muuza uji akapiga kigelegele, na mabati sita yakatetemeka. Nani aliyenyonya maziwa ya Ikolomani angeweza kuisikia ngoma ile na mkono wake ukatulia? Bramwel alishika bolti ya sita. Mguu wake wa kushoto ulianza kucheza. Bega likafuata. Ngoma zikapanda, naye akavuta pale zilipopanda, kwa nguvu zote za ukoo.

Ta!

Ngoma zikakatika. Vichwa viwili vilikuwa matopeni, na watu kumi na wanne wakitazamana.

Giaboksi ilishuka, naam, maana haikuwa na cha kuishika. Sahani mpya ya klachi ikaingia mahali pake kama bibi harusi. Lakini vipande viwili vya bolti vilibaki vimechomoza kwenye injini, kila kimoja urefu wa kiungo cha kidole. Visipotoka, bolti mpya hazina pa kuingia, na giaboksi itaning'inia kama jino la mzee. Saa ilikuwa nane na robo.

Hapo Protus akavuka barabara. Alivuka polepole, akiwa amevaa ovaroli safi ya mtu ambaye hana haraka.

“Bramwel,” akasema, “mimi si wa kucheka mtu. Lakini niambie, hapa penyewe ndio hakuna kushindwa, ama ni hapo mbele kidogo?”

“Protus, rudi kwako!”

“Nitarudi. Nina mashine ya kuchomelea, nikubandikie nati hapo juu, itoke. Useme tu, ‘Mwalimu, nimeshindwa.’ Neno moja.”

“Hayo ni mawili,” alisema Zilpah.

Bramwel akasimama, uso mweusi kwa grisi, akahutubia umma. “Sikieni! Afadhali nizing'oe kwa meno! Afadhali meno yangu yabaki humo ndani, na bolti zitembee mjini zikicheka, kuliko mimi kuvuka barabara hiyo tena!”

“Meno yako utaihitaji kesho na obusuma, ugali wetu,” Zilpah alimwambia, akimpa kikombe. “Kunywa uji, kaka. Na nikuambie kitu. Ile ya kwanza ulivunja kwa hasira. Hii ya pili ulivunja kwa ngoma. Nilikuwa naona mguu wako ukicheza. Wewe mkono yako inafuatanga ngoma.”

Bramwel alikunywa uji. Alitazama zile ngoma. Akautazama mkono wake, na nuru ikamshukia, kali na chungu.

“Baba Sylvanus,” akasema kwa sauti ya chini, “fahali akishindwa, mnampigia nini mkimrudisha nyumbani?”

Kulikuwa na wimbo wa namna hiyo, wa mwendo wa mtu aliyevimba miguu, na wapigaji wale waliuficha kama mtu anavyoficha kiraka.

“Usiutaje,” Sylvanus alisema. “Kesho Tingatinga anapigana. Nikiupiga leo nimemshindisha kabla hajatoka. Mama Awinja nitamwambia nini?”

“Msitie jina la Tingatinga.”

“Wimbo lazima uwe na jina, mwanangu. Ni nani ameanguka?”

Hapa, wasikilizaji, ndipo palipo vita vyenyewe. Bramwel aliitazama rangi nyekundu ya kibao chake. Alimtazama Protus. Alilitazama jua, ambalo halikuwa na adabu ya kungoja.

“Tieni langu,” akasema.

Basi Zilpah akalitia moto jiko lake, na ndani ya makaa Bramwel akalaza kipande cha bomba hadi kikawa chekundu, akakivisha kile kipande cha kwanza cha bolti kama kofia, joto likashuka hadi kwenye mizizi ya kutu. Akakivua, akausugua mshumaa pale, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani kama chai na mkate. Akachonga pande mbili kwa tupa, akauma kwa koleo. Na ngoma zikaanza, nzito, za kuburuta miguu, na wanaume wakaimba:

“Polepole, Bramwel, polepole,
pembe zako zimelala, polepole,
Bramwel kaangushwa, mwacheni apite,
nyumbani kuna nyasi, polepole.”

Watu walitoka madukani. Aliyekuwa ananyolewa alitoka na nusu ya kichwa. Protus, Mungu amsamehe, aliujua wimbo na akaitikia kwa sauti nene, tena nzuri. Na chini ya aibu hiyo yote mkono wa Bramwel ulitii ngoma: ulikwenda mbele unywele mmoja, ukarudi unywele mmoja, mbele, nyuma, bila hasira, kwa kuwa fahali aliyekwisha kuanguka hana tena cha kuthibitisha. Katika ubeti wa nne kutu ikatoa mlio mdogo, kama panya aliyeudhika. Katika wa saba, bolti ikazunguka duara nzima. Katika wa kumi ikatoka, ikalala kiganjani, ya moto, fupi, isiyo na thamani duniani. Ya pili, iliyomwona mwenzake, haikungoja hata beti sita.

Protus alikichukua kipande kimoja, akakigeuza mwangani.

“Uzi wa bolti haujaharibika hata mstari mmoja,” akasema, akakirudisha, akavuka barabara kwenda kwake.

Saa kumi na nusu giaboksi ilikuwa mahali pake na pikapu ikaondoka. Ngoma zilifika Malinya jua likiwa bado na kimo cha nyumba, na Awinja aliwapokea kwa kuku wa kuchemsha.

Ama Tingatinga, kesho yake aliamshwa kwa isukuti, akatoka bomani akipuliza mavumbi mbele ya halaiki, akamtazama mwenzake kwa makini, kisha akageuka akakimbilia shamba la viazi vitamu. Lakini alikimbia akiwa amefika, na Awinja alipita sokoni kichwa juu, akisema wa kwake walau alikwenda kuona.

Na hivi ndivyo dunia inavyowalipa mashujaa wake. Jumamosi adhuhuri pikapu ilirudi mjini, na wapigaji walikuwa wanaupiga ule wimbo wa fahali aliyeshindwa, kama ilivyo haki. Ila vinywa vilikwisha kuzoea, na jina lililokuwa ndani yake halikuwa la Tingatinga. Mji mzima ukasikia kwamba Bramwel kaangushwa, mwacheni apite. Naye alisimama chini ya mabati yake sita, vipande viwili vya bolti vimening'inizwa kwa waya juu ya kibao, wala hakuusikia wimbo. Alikuwa ameiinamishia pikapu sikio akihesabu: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna hata moja iliyokwaruza.