Darasa Lililolazwa Kama Shamba

Jumatatu, 6 Oktoba
Bi Mirja, mkuu wa chuo chetu cha jioni, amenijulisha kwa upole wa kutisha: dansi yangu ya tango isipopata wanafunzi kumi kufikia Ijumaa, itafutwa. Ninao sita! Chumba cha pili, kwa mwalimu mwenzangu Raili na humppa yake, dansi ya kurukaruka, wamejaa hadi mlangoni. Nimetafakari. Msitu hauna mkuu wa chuo, na unastawi. Nitafundisha kwa kanuni za maumbile.

Jumanne, 7 Oktoba
Kilimo cha mzunguko. Kila wimbo, wenzi hubadilishwa, kama shayiri inavyovipisha viazi. Taisto, mkulima, akaangukia kwa jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Wakacheza vizuri mno. Mke wa Taisto akauliza, “Mzee, mbona mimi hunishiki hivyo?” Wameondoka, mume na mke. Wamebaki wanne. Sielewi. Viazi havina wivu.

Jumatano, 8 Oktoba
Ardhi iliyochoka hulazwa, haipandwi kitu. Nimezima muziki, nikawaamuru wasimame kama misonobari ya Januari: bila kugusana, bila kusema. Nilitarajia manung’uniko. Kumbe nyuso zimelegea! Urho, mstaafu wa posta, alifuta chozi. Amesema hajapata kuifurahia tango namna hii. Nimeduwaa, ila pongezi nimezipokea.

Alhamisi, 9 Oktoba
Habari imeenea kupitia sauna, kule watu wanakooga mvuke na kupiga soga. Wamefurika hata viatu vyao vimekosa pa kukaa. Wengine wametoka kwa Raili! Akanidaka ukumbini: “We Ensio, unawafanya nini humo? Hata mguu hausikiki!” Nikajibu kwa hadhi kwamba mizizi haipigi kelele. Kisha nikaleta majira ya kuchipua, yaani santuri. Urho akanisihi, “Mwalimu, usituharibie.” Nikaizima. Hakuna aliyenishika mkono jioni nzima.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ushindi! Darasa limenusurika. Bi Mirja ameling’oa tu neno tango kwenye tangazo la mlangoni na kuandika “Kusimama Kimya”. Nikamuuliza mimi nitacheza wapi. Akasema kwa Raili kuna nafasi, sasa. Sijui nilichoshinda ni nini.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimebaini kosa: lilikuwa la misonobari. Mti hauendi popote! Asubuhi korongo wamepita juu ya ghala la Taisto wakielekea kusini, safu moja, bila kukanyagana. Raili ana miadi na daktari wa meno Jumatatu, naye, kwa wema usio na tahadhari, ameniachia wanafunzi wake. Watacheza wote kuelekea kusini. Upande huo kuna ukuta. Jambo dogo.