Oili Mpya kwa Pikapu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Baba mkwe amechoka kuendesha. Jumamosi atakabidhi pikapu yake, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne: kwangu au kwa mwanawe, shemeji yangu. Shemeji angeiosha tu, namjua. Mimi nitabadilisha oili zote za chini: giaboksi, boksi la magurudumu manne, na gia za ekseli, yaani difu ya mbele na difu ya nyuma. Mzee kakubali niishike hadi siku hiyo! Mke wangu kauliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Nati zote za chini zimefunguka. Oili iko karaini, nyeusi kama lami. Fundi jirani kachungulia, akauliza kama nilihakikisha kwanza nati za kujazia zinafunguka. Nikamjibu kwamba sufuria huoshwa kabla ya kupikia. Amecheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Za kujazia zimefunguka tatu. Ya difu ya mbele imegoma, na ndani hamna tone la oili. Ilikuwa na pembe sita. Spana yangu imeifanya duara. Nimepiga nyundo. Kilicholegea ni ukucha wa kidole gumba. Shemeji kapita, kaniita daktari, kauliza kama mgonjwa ameamka. Mnafiki!

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Nitajazia kupitia tundu la chini kwa bomba, kisha nizibe haraka kabla oili haijatoka. Nina mikono myepesi.
Baadaye: nimeoga mara tatu. Mke wangu kasema nimwite fundi, mficha uchi hazai. Thubutu! Atanitangaza mtaa mzima.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe kafika asubuhi. Nyuma yake shemeji. Nyuma ya shemeji, fundi! Kachomelea nati nyingine juu ya ile ya duara, kazungusha mara moja, imefunguka. Shemeji kajaza mpaka oili ikachuruzika tunduni, kafunga. Kapewa ufunguo palepale. Mimi mzee kanishika bega, kaniita mwanangu, kanisihi nisiguse tena chombo chake chochote.

Jumapili, 9 Machi
Chombo *chake*, alisema. Jenereta ya pale kwao ni ya mama mkwe! Mama akiisifu kazi yangu, mzee ataona haya, pikapu itarudi kwangu. Oili chafu ya jenereta nimeshaimwaga yote. Imetoka vizuri ajabu!
Sasa natafuta pa kujazia.